Insulini Niliyoigandisha

Nyinyi mnaofanya kazi ya kutoa dawa siku hizi, nataka kwanza mnijue, msije mkadhani anayekuandikieni ni msomi. Nilisoma mpaka darasa la nane. Niliingia hospitali moja ya mjini Unguja kama mfagizi wa chumba cha dawa, na nilitoka humo mzee, mtoa dawa, bila ya cheti cha chuo chochote. Kwa hiyo nikikosea neno la kitaalamu humu, nisahihisheni kimoyomoyo mwendelee. Ninachotaka mkipate si neno.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Jabu. Alikuwa mfupi, mkali, na mikono yake ilinuka mnanaa hata siku ya Idi. Kanuni yake ilikuwa moja: soma karatasi ya chupa mara tatu. Unapoishika, unapoimimina, unapoirudisha. "Chupa haina haya," akisema. "Itakuacha ukosee na wala haitakohoa."

Zamani zile tulichanganya wenyewe. Nyinyi mnahesabu vidonge, sisi tulisaga, tukapima kwa mizani ndogo, tukatia maji, tukabandika karatasi kwa gundi. Mara moja nilichanganya dawa ya kifua nikasahau dawa yenyewe, nikatia sharubati na mafuta ya mnanaa tu. Baada ya siku mbili muuza samaki mmoja akarudi dirishani na chupa tupu. "Khamis, kifua kimezidi kubana, lakini dawa tamu, niongeze." Mzee Jabu alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanisimamisha mbele ya kabati la chupa mchana kutwa, nikisoma majina kwa sauti kama mtoto wa chuo cha Kurani.

Ukiwa na kosa la namna hiyo, unalisimulia na watu wanacheka. Nimeanza nalo kwa sababu nilikuwa na tabia ya kuanza nalo kila nilipoulizwa juu ya makosa ya kazi, nikiishia papo hapo.

Baada ya Mapinduzi, madaktari wengi na watoa dawa wengi waliondoka. Mzee Jabu naye akaenda kwa wanawe bara. Tuliobaki tulifanya kazi ya watu wawili watatu, na ndivyo mfagizi alivyojikuta nyuma ya dirisha la dawa akiitwa bwana. Nilifurahi, sisemi uongo. Nilinunua kalamu ya kuchomeka mfukoni.

Kisha wakaletwa madaktari wageni. Mmoja tulimwita Dokta Mrefu, maana kila mlango wa hospitali ile ulikuwa umeshampiga kichwani. Kiswahili chake alijifunza kitabuni, akizungumza kama barua. Kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana alituita barazani, wauguzi na sisi wa dawa, akatufundisha. Hakuna aliyemlazimisha. Alikuwa akiona uchungu kwamba tunagawa vitu tusivyovijua.

Alhamisi moja alifundisha insulini. Alituambia kwamba ni homoni, yaani ujumbe unaotoka kwenye kongosho na kwenda na damu mwili mzima. Na ujumbe huu ni mnyororo wa vipande vidogo vya protini, vimeshikana kimoja na kimoja, na mnyororo umekunjwa kwa namna yake. Dawa ya uchungu wanayopigwa wazazi wakati wa kujifungua ni mnyororo wa jamaa hiyo hiyo, ila mfupi sana. Ndiyo maana insulini haimezwi: tumbo litaikatakata kama linavyokatakata nyama.

Akaagiza bakuli la maji. Akadondosha juu yake mafuta ya nazi, yakatanda.

"Seli ya mwili," akasema, "imevaa ngozi ya mafuta. Nyembamba sana. Sukari inapenda maji, haipendi mafuta. Je, sukari itapitaje?"

Bi Salama, muuguzi wa wodi ya wanawake, akajibu, "Itabisha hodi."

Tukacheka, naye Dokta Mrefu akapiga makofi. "Sahihi kabisa! Lakini nani atafungua?"

Akatueleza kwamba kwao wataalamu wanachukua kikombe chenye kitundu ubavuni, wanapaka mafuta maalumu juu ya kitundu, na mafuta yanajitandaza na kujipunguza mpaka yanakuwa utando mwembamba usioonekana rangi, mweusi tu. Ndani maji ya chumvi, nje maji ya chumvi. Wakipitisha umeme, haupiti, mafuta yamezuia. Kisha wanatia tone la mnyororo wa protini wa aina fulani, na ghafla umeme unapita. Mnyororo umejichomeka ndani ya mafuta na kujifanya mfereji.

Akakunja karatasi ikawa bomba, akalichomeka kwenye yale mafuta ya bakuli. "Umekunjwa vizuri: mfereji." Akaikunjua ile karatasi, ikalala juu ya maji imelowa. "Umekunjuka: takataka. Karatasi ni ile ile, uzito ni ule ule. Kazi hakuna."

Nikamuuliza, "Dokta, zikitobolewa hivyo, seli si zitavuja?"

Akanitazama kwa furaha ambayo sijaisahau. "Bwana Khamis, hilo ndilo swali. Kuna minyororo inayotoboa na kuua. Na kuna inayofungua na kufunga. Insulini, je, inajichomeka yenyewe au inabisha nje na seli inafungua milango yake? Mimi sijui. Walimu wangu wanagombana."

Juzi juzi mjukuu wa dada yangu, anayesoma chuoni Tunguu, alinisomea kwamba ugomvi ule umeshatulia: insulini inabisha nje, na seli yenyewe ndiyo inayoleta milango yake juu ya utando. Akaniambia pia kwamba kongosho lina homoni nyengine, na hiyo minyororo yake ikijikusanya vibaya inaweza kutoboa utando wa seli kweli kweli na kuiua. Bi Salama angefurahi kusikia kwamba alipatia kwa kubahatisha.

Lakini siku ile mimi nilitoka na jambo moja kichwani: umbo. Umbo likiharibika, chupa ni ile ile na dawa haimo. Nilikuwa nalijua hilo kabla ya kosa langu. Msiniambie sikufundishwa.

Sasa nikuelezeni juu ya Mize.

Mize alikuwa msichana wa Bwejuu, miaka kumi na tano hivi. Aliletwa na mama yake, Bi Kazija, mjane aliyekuwa akifukia makumbi ya nazi pwani na kusokota nyuzi zake kuwa kamba za usumba. Mtoto amekonda, anakunywa maji kama amekula chumvi, na sisimizi wanakusanyika pale anapokojoa. Dokta Mrefu akamlaza, akampa insulini, na baada ya wiki tatu alikuwa mtu mwengine kabisa. Alikuwa na mashavu na alikuwa na utani. Mimi nikapewa kazi ya kuwafundisha yeye na mama yake jinsi ya kuishi na sindano.

Tuliwafundisha hivi, na nasema kwa sababu hamtayaona tena. Bomba la sindano lilikuwa la kioo, unalichemsha kila siku. Sindano ilikuwa hiyo hiyo mwezi mzima, unainoa juu ya jiwe, kisha unaipitisha kwenye pamba; pamba ikinasa, ncha ina kikwaruzo, unanoa tena. Kupiga sindano mtu anajifunzia chungwa. Bi Kazija alichukua kazi hiyo kwa bidii.

"Bwana Dawa," alinambia safari moja, hilo ndilo jina alilonipa, "nyumbani kwangu hakuna chungwa lililobaki zima. Watoto wanakula machungwa yaliyopigwa sindano, nawauliza, mnaumwa? Wanasema, hatuumwi, tumepona."

Mize mwenyewe alipenda kupima mkojo. Unatia dawa ya buluu katika kichupa chembamba cha kioo, matone manane ya mkojo, unachemsha juu ya taa ya spiriti. Ikibaki buluu, hakuna sukari. Kijani, ipo kidogo. Manjano, imeongezeka. Rangi ya tofali, hatari. Aliandika rangi kwenye daftari la skuli kila asubuhi, na kila alipokuja mjini alinipa nisome. Buluu, buluu, kijani, buluu. Pembeni siku moja aliandika: "Leo buluu kama shela ya bibi arusi." Nikamwambia shela haiwi buluu. "Yangu itakuwa," akasema.

Ilipita kama miezi saba hivyo. Mtoto mzima, dawa inafanya kazi.

Siku moja nikamuuliza Bi Kazija anaiweka wapi chupa. Bwejuu hapakuwa na friji. Akasema, "Mchangani, chini ya mtungi." Mnajua mtungi wa maji ya kunywa unavyokaa juu ya mchanga, na mchanga unavyokuwa mbichi siku zote kwa maji yanayovuja. Aliifunga chupa katika kitambaa, akaitia ndani ya kopo, akalifukia kopo katika mchanga ule.

Nilicheka mbele za watu. "Jamani, dawa ya watu inafukiwa mchangani kama yai la kasa!"

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Bi Kazija naye akacheka, kidogo. "Si inakaa baridi, Bwana Dawa. Maji yenyewe yanakaa baridi."

"Hiyo si baridi," nikamwambia. "Baridi ni friji."

Nimeuliza sana tangu wakati ule, na kila mtaalamu ananiambia hivyo hivyo: mchanga ule mbichi chini ya mtungi ulikuwa mahali pazuri. Mama yule alikuwa ameshapata dawa ya tatizo ambalo mimi nilikuwa sijaanza kulifikiria.

Ilikuwa kiangazi, jua la kupasua kichwa, nami nikaingiwa na wasiwasi wa kweli juu ya chupa zile katika gari la shamba, saa kadhaa juu ya paja la mtu. Nataka mjue kwamba nilimtakia mema. Nilikwenda Forodhani kwa jamaa yangu Abdalla, aliyekuwa akiuza aiskrimu ya malai. Alikuwa na pipa la mbao, ndani yake ndoo ya bati, akiizungusha kwa mkono. Katikati ya pipa na ndoo alijaza barafu, na juu ya barafu akimwaga chumvi ya mawe.

"Chumvi ya nini?" nikamuuliza.

"Barafu peke yake ni baridi ya maji. Ukitia chumvi ni baridi ya shetani. Bila chumvi ningekuuzia uji."

Nikasema moyoni, hii ndiyo.

Jumanne Bi Kazija na Mize walipokuja kuchukua chupa mbili za mwezi, niliwatolea chupa ya chai, ile ya kuhifadhi joto, niliyoinunua mwenyewe. Nikatia barafu iliyopondwa, nikachanganya chumvi, nikazipachika chupa mbili za insulini katikati, nikajaza barafu na chumvi juu, nikafunga. Nilifanya hivyo dirishani ili watu waone.

Mize akagusa kifuniko. "Tutafika na aiskrimu?"

"Utafika na dawa," nikamwambia. "Na marufuku mchanga."

Ndani ya kila boksi la insulini pana karatasi. Mstari wa kwanza unasema dawa iwekwe mahali pa baridi. Chini yake, mistari miwili mbele, unasema isiachwe kuganda. Kiingereza changu kilinitosha kuisoma yote. Niliusoma mstari wa kwanza nikauona unanikubalia, nikaikunja. Mzee Jabu alisema mara tatu. Mimi sikuimaliza hata mara moja.

Siku ya tano walirudi. Bi Kazija alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka mingi, nikamwamkia.

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba. Dawa yako imekatika."

"Imekatika vipi?"

"Kama tui lililochemka bila ya kukorogwa. Tazama."

Insulini ile ilikuwa ya rangi ya maji ya mchele, sawasawa chupa nzima ukishaizungusha viganjani. Aliyonipa ilikuwa na vipunje, vimegandamana na kioo, na maji juu yake yako peke yake.

Nyuma yake Mize alikaa kwenye benchi, midomo imekauka. Pembeni yake alikuwa amekaa Tatu, shoga yake wa Bwejuu, amemsindikiza na kopo la maji. Bi Kazija akanipa na lile daftari. Buluu, kisha manjano, kisha tofali, tofali.

Nikaishika chupa nikaitikisa kwa nguvu. Vipunje vikatawanyika.

"Ona. Imerudi."

"Tui halirudi, Bwana Dawa."

"Bi Kazija, dawa si mchuzi."

"Najua si mchuzi. Mchuzi ningeumwaga."

Foleni ikacheka. Safari hii walinicheka mimi. Nikahisi masikio yanapata moto. Na hapo ndipo nilipotenda jambo ambalo, kwangu, ni baya kuliko barafu. Barafu ilikuwa ujinga.

"Bwejuu kuna arusi wiki hii?" nikauliza.

"Ipo. Kwa kina Tatu. Dada yake anaolewa."

"Na halua ipo?"

"Arusi gani isiyo na halua?"

"Basi. Chupa haina kosa. Mwanao anaiba tamu."

Mize akainua kichwa. "Mama, sijala."

"Wote husema hivyo," nikamwambia mama yake. Sikumtazama mtoto.

"Wallahi sijala. Tatu, sema."

Tatu akasimama. "Hakula, mjomba. Mimi mwenyewe nlikuwa naye siku zote mbili za arusi."

"Wewe ndiye wa nyumba ya arusi?" nikamwambia. "Basi wewe ndiye uliyempa."

Bi Kazija aliwatazama wale wasichana mmoja mmoja. Nilimwona akibadilika uso. Alikuwa amekuja akiniamini kidogo na akiamini macho yake zaidi, na mimi nilikuwa na kalamu mfukoni na koti jeupe. Akamwuliza Mize, "Umenidhalilisha?" Mtoto akaanza kulia, na mimi nikachukua kilio kile kuwa ni kukiri.

Dokta Mrefu alikuwa wodini, hatua hamsini kutoka pale. Kazi yangu ilikuwa kumpelekea ile chupa. Nikamrudishia Bi Kazija chupa, nikamwambia aendelee na dozi ile ile na amchunge mwanawe. Wakaondoka.

Baada ya siku sita walimleta kwenye lori la mawe. Anapumua kwa kina na haraka kama mtu aliyekimbia, na pumzi inanuka kama mapera yaliyoiva yakapita kiasi. Nyinyi mkiisikia harufu hiyo msisubiri foleni. Dokta Mrefu alimpigania tangu asubuhi, kwa maji ya mshipani na insulini mpya. Alifariki adhana ya alasiri inasomwa.

Bi Salama ndiye aliyemfumba macho. Mimi nilisimama mlangoni mwa wodi. Bi Kazija hakupiga kelele. Alikuwa akizungumza na maiti kwa sauti ndogo, "Kwa nini hukunambia, mwanangu? Kwa nini hukunambia tu?" Alikuwa akimuuliza juu ya halua.

Dokta Mrefu akanijia na ile chupa, waliyokuja nayo. Akaishika mbele ya dirisha, kwenye mwanga, akaizungusha.

"Bwana Khamis, hii iliganda?"

"Sijui, Dokta."

Aliitazama tena. "Nadhani iliganda. Labda safarini kutoka Ulaya." Akaitia mfukoni mwa koti lake, akaenda kuandika.

Sijui. Neno hilo nililisema nikiwa najua, au nikiwa nimeshaanza kujua. Wiki ile ile nilichukua chupa ya insulini iliyopitwa na wakati, nikatia barafu na chumvi katika chupa ya chai vile vile, nikasubiri muda wa saa nne. Nilipoitoa ilikuwa jiwe. Ilipoyeyuka, vipunje vilishikamana na kioo. Niliitupa, nikaosha chupa ya chai, nikaendelea na kazi. Nilikuwa mtoa dawa mzuri baada ya hapo. Sikupata tena kukosea kitu kikubwa. Niliwafundisha wenzangu: insulini isiguse barafu, na kwa anayeishi shamba, mchanga mbichi wa mtungi. Walinisifu kwa hilo. Sikuwaambia nilijulia wapi.

Ikapita zaidi ya miaka mitatu hivyo. Dokta Mrefu alikwishamaliza muda wake akarudi kwao. Nilikuwa nikijiambia kwamba kusema hakumrudishi mtu, na kwamba mama ameshatulia, nisimtoneshe. Mtu akitaka kunyamaza hakosi huruma za kusingizia.

Siku moja Bi Kazija alikuja dirishani kuchukua dawa ya macho ya jirani yake. Alikuwa amezeeka ghafla. Nilimpa dawa nikitazama chini. Hakuondoka.

"Bwana Dawa, nna neno nawe."

"Naam, Bi Kazija."

"Siku ile nlikusema vibaya mbele ya watu, juu ya dawa yako. Mambo ya mchuzi. Nlikuwa sijui. Kosa lilikuwa la mtoto wangu. Nisamehe."

Niliitikia kwa kichwa. Ndiyo, nilimwitikia. Akashukuru, akaenda zake. Nilifunga dirisha saa nne asubuhi, foleni imesimama, nikakaa sakafuni baina ya makabati.

Ijumaa baada ya sala nilipanda gari la Bwejuu. Nyumba yake nilielekezwa. Nilimkuta barazani anapiga makumbi, na alipotaka kunyanyuka anikirimu nilimwomba asinyanyuke. Nikamwambia yote, kwa mpango kama nilivyokuambieni nyinyi: barafu, chumvi, karatasi niliyoikunja, chupa niliyoitikisa, neno nililomwambia Dokta. Nikamwambia, Mize hakula chochote. Alisema kweli, nawe ulisema kweli.

Mkono wake ulikuwa bado umeshika kile kigongo cha kupigia makumbi, nami niliona akinipiga nacho ni haki yake.

"Nlimpiga," akasema. "Tuliporudi siku ile. Nlimpiga kwa kamba."

Akapiga kumbi mara moja, akaacha.

"Na kwa kina Tatu hatusemezani. Msiba wa Mize hawakuingia. Nlisimama mlangoni nkawazuia." Akaweka kigongo chini, akajifunga kanga kiunoni. "Nyanyuka."

"Tunakwenda wapi, Bi Kazija?"

"Nlikwenda nyumba kwa nyumba nikisema mwanangu kajiua kwa halua ya kupewa. Sasa utapita wewe. Utasema kwa sauti, wasikie mpaka uani."

Tukapita. Kila mlango alipiga hodi yeye, akanisogeza mbele, akasema, "Huyu ana neno." Nami nikasema: "Mimi ni mtoa dawa wa mjini. Mize hakula halua. Dawa niliiharibu mimi." Mlango wa kwanza nilisema chini chini, akanambia, "Hawajasikia. Rudia." Kuna mzee alinitukana matusi ambayo sitayaandika. Kuna mama alifunga mlango. Kuna nyumba waliniletea maji ya kunywa na sikuyanywa. Bi Kazija hakunipa nafasi ya kupumzika baina ya mlango na mlango.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Tatu. Alikuwa ameshaolewa, mtoto mchanga amelala mapajani mwake. Alipomwona Bi Kazija mlangoni alimvuta mtoto kifuani. Nikasema maneno yangu, na nikaongeza kwamba yeye alisema kweli pale hospitali, nami nikamgeuza mwongo kwa sababu watu walinicheka.

Hakulia. Alimtazama Bi Kazija, si mimi.

"Nlikuwa nshaanza kukumbuka kwamba nlimpa," akasema. "Kila mtu akisema, nikawa nakumbuka. Mpaka sahani nlikuwa naiona."

Bi Kazija akaingia, akakaa kwenye mkeka ubavuni pake, akamchukua mtoto. Mimi nikabaki nimesimama nje juani. Hakuna aliyenambia nikae.